Mwenyekiti wa Waliokuwa Wazee wa Baraza

Kila shahidi aliyepita mbele yake aliulizwa swali moja: "Ulikuwa umesimama wapi?"

Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu yeye alikuwa mzee wa baraza, yaani mmoja wa wale raia wawili wanaokaa kando ya hakimu, wanasikiliza kesi kama majirani, kisha wanatoa maoni yao kabla ya hukumu. Neno "mzee" hapo halichagui mwanamke wala mwanamume. Hata hivyo watu waliomwona pale mbele kwa mara ya kwanza, na sweta lake la kijani na kitambaa kichwani, walidhani ni mlalamikaji aliyekosea kiti. Aliwaacha wadhani hivyo. Shahidi akishamaliza kueleza jinsi alivyoona ng'ombe akitolewa zizini, mama yule aliinua kidole kumwomba hakimu ruhusa, ndipo akauliza swali lake. Ukijibu "pale karibu," alikuomba uinuke uonyeshe. Tuseme huu mlango ndio zizi, wewe uko wapi? Jua liko upande gani? Kati yenu kuna nini? Nimeona watu waliokuja na maelezo waliyofundishwa tangu nyumbani, wanayasema bila kukosea neno, wakakwama hapo. Aliyewafundisha maneno hakuwafundisha mahali pa kusimama.

Mimi aliniita Karani. Hakuwahi kutumia jina langu, hata nilipostaafu, hata alipokuja kwenye harusi ya binti yangu. Nami sikumwita kwa jina. Kwanza nilimwita Mama, baadaye Mwenyekiti, na hilo la pili ndilo lililobaki, kwa hiyo nitalitumia hapa.

Kesi nyepesi alizisikiliza kwa Kiswahili. Zile nzito alizisikiliza kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, hata kama zilikuwa zinasemwa kwa Kiswahili. Utamwona midomo inacheza kidogo, anazigeuza ndani, na hakimu akimwomba maoni anakaa kimya kwanza. Hakimu mmoja kijana aliyeletwa kwetu kutoka mbali alidhani mama anasinzia, akamgusa bega. Mwenyekiti akamwambia, "Nakuja, baba. Niko njiani." Tangu siku hiyo yule hakimu alijifunza kusubiri.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa karibu kila siku. Alitembea kwa miguu kutoka kwake Bashay mpaka barabarani, na hakuweza kumpita mtu bila salamu kamili: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za kitunguu saumu, mvua imefika wapi. Pikipiki aliziogopa. Alisema mtu anayekwenda kwa kasi ile hawezi kuona anachopita, lakini ukweli ni kwamba aliwahi kuanguka nayo kwenye tope na hakutaka tulijue hilo. Umbea aliulaani hadharani, na hapakuwa na habari ya Mbulu au Dongobesh ambayo haikumfikia kabla ya jioni. Akiudhika alinyamaza, na ukimya wake ulikaa siku tatu, nne. Mimi mwenyewe uliwahi kunipata kwa sababu nilikosea herufi ya jina la marehemu kwenye hati ya mirathi.

"Ni herufi moja tu, Mama," nilimwambia.

"Angekuwa hai angekusahihisha," akasema, kisha akanyamaza mpaka wiki iliyofuata.

Muda wake mahakamani ulipokwisha, yeye na wenzake walipeana mikono na hakimu, wakapigwa picha, wakaambiwa asante. Nilidhani yameishia hapo. Baada ya mnada uliofuata alinikuta nanunua kamba.

"Karani," alisema, "tumesikia habari za watu miaka yote ile. Sasa tunakwenda nazo wapi?"

Jibu alikuwa nalo tayari mwenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa vya shamba Dongobesh, aliyewahi kuwa mzee wa baraza miaka mingi, mtu mpole anayependa kila kitu kiandikwe. Tulimwita Mzee wa Duka. Katika stoo yake, kati ya mifuko ya mbolea na marobota ya kamba, wakakutana watu tisa: waliokuwa wazee wa baraza kutoka Mbulu na wengine kutoka upande wa Hanang, Katesh mpaka Mogitu. Wakamchagua mama yule awe mwenyekiti, Mzee wa Duka katibu, na mimi wakanipokea kwa sababu nilijua kuandika barua kwa namna ambayo ofisi zinajibu. Wapo waliocheka. Mtendaji mmoja alituuliza kama tunataka posho za uzeeni. Mwenyekiti akamjibu kwamba tunataka kujua tu kama yale tuliyoyaamua yalitokea.

Hiyo ndiyo ikawa kazi kubwa ya chama. Watu wanadhani kesi inakwisha hakimu akifunga jalada. Sisi tulikwenda kuangalia. Tulikwenda pia shuleni, tukapanga madawati kama mahakama, wanafunzi wakawa mlalamikaji, mshtakiwa na mashahidi katika kesi ya mbuzi aliyekula kabichi. Kila mara Mwenyekiti aliketi nyuma kabisa, na kila mara mwanafunzi fulani aliulizwa alikuwa amesimama wapi. Tuliomba ruhusa kuwatembelea mahabusu, tukapeleka sabuni, tukauliza kila mtu ana siku ngapi na kesi yake itatajwa lini. Tulizunguka vijijini kuwaambia watu wasiogope kuitwa kutoa ushahidi. Kazi hizo hazikuwa na kelele. Lakini ziko mbili ambazo watu wa huku bado wanazisimulia, nami nilikuwepo kwenye zote.

Ya kwanza ilianzia msibani. Katika mazungumzo ya matanga, mtu mmoja alisema kwamba marehemu, kabla hajafa, alikiri jambo kwa mkewe: zamani aliwahi kutoa ushahidi wa uongo katika kesi ya wizi wa fahali. Alisema alimwona mshtakiwa akimtoa mnyama zizini, kumbe siku hiyo hakuwepo kabisa. Mshtakiwa alifungwa, akatumikia kifungo chote, akarudi kwao Mogitu.

Mwenyekiti aliikumbuka kesi ile. Alikuwa amekaa yeye. Alinijia nyumbani asubuhi, hakutaka hata chai.

"Siku ile sikuuliza," alisema.

"Hukuuliza nini?"

"Alikuwa amesimama wapi. Nilikuwa na homa, mvua ilikuwa inakuja, nilitaka kwenda nyumbani. Maneno yake yalikuwa mazuri, nikayapokea. Nilisema ana hatia, Karani. Wewe uliandika."

Niliandika, ni kweli. Nilimwambia kwamba hakuwa peke yake, kwamba hakimu alikuwepo na mzee mwenzake alikuwepo, kwamba aliyesema uongo ni yule marehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao wengine waende wenyewe," akasema. "Mimi nakwenda kesho. Kama unakuja, njoo."

Tulimkuta yule bwana aliyefungwa uani kwake anapukuchua mahindi. Alikuwa mtu mzima sasa, mvi zimeanza. Alitusalimu vizuri, akamwamkia Mwenyekiti shikamoo, akainuka kutafuta vigoda. Mwenyekiti hakukaa.

"Unanijua?" akamwuliza.

"Nakujua, mama. Wewe ulikaa kushoto kwa hakimu."

"Basi nimekuja kukwambia kwamba hukuiba. Wewe unajua, lakini nimekuja kukwambia kwamba hata mimi najua. Nilitakiwa kuuliza swali, sikuuliza, ukafungwa. Sina cha kukurudishia."

Yule bwana aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye beseni. Nilianza kutazama njia tuliyokuja nayo. Mwishowe akasema, "Mama, kaa chini kwanza."

Mwenyekiti akakaa.

"Mama yangu alikufa nikiwa ndani," alisema bwana yule. "Alikufa akiwa mama wa mwizi. Mimi sitaki kitu chako. Nataka uyaseme hayo mbele ya watu waliosikia yale ya kwanza."

"Kwenye mkutano wa kijiji?"

"Kwenye mkutano wa kijiji."

Siku ya mkutano hakuweza kutulia. Kitambaa alikifunga, akakifungua, akakifunga tena. Mwenyekiti wa kijiji alipompa nafasi alisimama mbele ya watu wote wa Mogitu waliokuwepo, akataja jina la yule bwana, la baba yake, la mama yake. Akasema: "Mtu huyu hakuiba fahali. Sisi tuliokaa mahakamani tulikosea, na mimi nilikosea zaidi kwa sababu nilikuwa na njia ya kujua. Mama yake hakuzaa mwizi. Ninayesema ni mimi, na msiseme mmesikia kwa watu."

Kisha bibi mmoja mzee aliyekuwa karibu na ukuta akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakafuata, na yule bwana akasimama katikati ya vigelegele vile hajui mikono yake aiweke wapi. Chama kilimsaidia baadaye kupeleka maombi mahakama ya juu ili na makaratasi yaseme hivyo. Yalichukua muda, lakini yalisema.

Katika mkutano wetu uliofuata, Mwenyekiti alitaka yule bwana awe mwanachama. Mzee wa Duka akafungua katiba yetu, ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe kwa mkono.

"Mwenyekiti, chama hiki ni cha waliokuwa wazee wa baraza. Huyu ndugu hajawahi kukaa."

"Amekaa," alisema Mwenyekiti. "Sisi tulikaa upande mmoja wa chumba, yeye akakaa upande wa pili. Mpaka sasa chama kinajua upande mmoja tu."

Mzee wa Duka alifikiri, akachukua kalamu, akaongeza mstari. Na katika kwenda shuleni, ni yule bwana waliyemsikiliza watoto kuliko sisi sote.

Kazi ya pili ilikuwa ya mjane wa upande wa Gitting. Mumewe alifariki, akaacha shamba zuri la ngano linalotazamana na mlima. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akalichukua, akasema ardhi ni ya ukoo na mjane arudi kwao. Mjane alikwenda mahakamani na akashinda. Hukumu ilisema wazi kwamba shamba ni lake na watoto wake. Shemeji hakukata rufaa. Hakufanya chochote. Msimu ulipofika aliingiza trekta, akalima, akapanda, akavuna. Msimu wa pili vivyo hivyo. Mjane alizunguka na karatasi yake kila mahali, anaambiwa njoo wiki ijayo, mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Alipotufikia Dongobesh misimu minne ilikuwa imepita, naye alikuwa anafanya vibarua katika mashamba ya wengine, akipita pembeni mwa shamba lake.

Mzee wa Duka aliinyoosha ile karatasi juu ya mfuko wa mbolea, akaisoma yote kwa sauti.

"Umeshinda, mwanangu," akamwambia.

"Nimeshinda, mzee, lakini sijala," alisema mjane.

Hapo ndipo ukarani wangu ulipopata maana mpya. Nilimsaidia kuomba nakala mpya ya hukumu yenye mhuri, na maombi ya kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama isimamie itekelezwe. Kwa miezi mitatu tulikwenda naye kila tarehe aliyopangiwa. Mwenyekiti alikaa kwenye benchi la nje bila kusema neno, sweta lake la kijani, mikono magotini. Nadhani benchi lile lilisaidia. Ni vigumu kumwambia mtu njoo wiki ijayo wakati mama kama yule anakutazama. Amri ilitoka. Ofisa wa mahakama akapangiwa siku ya kwenda kumkabidhi mjane shamba, na bahati ikawa ndiyo wiki ya kulima.

Siku hiyo tulifika Gitting mapema, ukungu bado haujaachia mlima. Tulikuwa kumi na mmoja, tumejifunga mashuka na makoti, tukasimama mstari pembeni mwa shamba. Mwenyekiti alikuwa ametuonya kwenye gari: "Hatuna mamlaka yoyote. Tunakwenda kuona tu. Atakayegombana na mtu, nitamrudisha kwa miguu." Ofisa wa mahakama alikuwa na faili kwapani. Mjane alisimama nyuma yetu na watoto wake, kama mtu aliyealikwa kwa wenyewe.

Trekta likaja. Shemeji alikuwa amesimama juu ya bawa la gurudumu, ameshika paa. Liliingia shambani moja kwa moja, likashusha plau. Ofisa akaenda mbele akainua mkono, akaisoma amri, lakini muungurumo ulimzidi. Shemeji akashuka, akaja kwetu kwa hatua ndefu.

"Hawa wazee ni wa nini?" akauliza.

"Salama, mwanangu," alisema Mwenyekiti. "Hujatusalimu."

Nilimwona shemeji anasita. Alikuja kugombana, lakini amelelewa huku kwetu. "Shikamooni," akasema.

"Marahaba. Habari za watoto?"

"Wazima."

"Mke wako yule aliyekuwa anaumwa mguu?"

"Anaendelea vizuri, mama."

"Tunashukuru. Hukumu ya shamba hili uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ulikata rufaa?"

Akatazama pembeni. "Sikukata."

"Basi sasa hivi umesimama wapi?"

Alitazama miguu yake, na sote tukaitazama, buti zake ndani ya udongo mweusi wa kaka yake. Watu wa jirani walikuwa wameshaanza kukusanyika. Hapo ndipo dereva wa trekta, kijana wa Katesh ambaye hakumjua hata mmoja wetu, alizima injini, akashuka.

"Mimi nimeitwa kulima," akasema. "Sikuitwa kwenye kesi. Mwenye shamba ni nani?"

Ofisa wa mahakama akamwonyesha mjane kwa faili lake.

Dereva akamwendea. "Mama, nilime?"

Yule mjane alitazama shamba upande mmoja, akatazama upande wa pili. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia, "Lima. Anzia kule juu."

Akalima. Nilikaa pale mpaka mchana nikitazama udongo unageuka, na sikumbuki kazi yoyote niliyowahi kuifanya ofisini iliyonifurahisha namna ile. Majirani wanawake walimzunguka mjane wakiimba. Watoto wake walikimbia nyuma ya plau. Shemeji aliondoka kwa miguu, na hakuna aliyemzomea, maana Mwenyekiti aliwageukia wachache waliotaka kuanza, wakanyamaza.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee wa Duka bado anacheka peke yake, Mwenyekiti akauliza, "Ile dizeli iliyokuwa kwenye trekta ilikuwa ya nani?"

Tukatazamana. Ilikuwa ya shemeji.

"Basi irudishwe," akasema. "Hatukwenda kumwibia mtu."

Kesho yake Mzee wa Duka alipakia dumu kwenye gari akampelekea. Alituambia kwamba shemeji alilipokea mlangoni, halafu akamwita ndani akampa maziwa. Msimu wa mavuno mjane alileta Dongobesh ngano ya kutosha kupika mikate ya mkutano mzima, na shemeji alikuwa ndiye aliyembebea mfuko.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Mwenyekiti ilikuwa mwaka huu, baada ya mvua. Miguu imemchoka, mikutano sasa inaongozwa na wengine. Nilisikia barabarani kwamba alikuwa na shauri na jirani yake wa Bashay, limefika baraza la kata, ambalo siku hizi linapatanisha tu, na kwamba ameshindwa. Nilikwenda na moyo mzito. Nilijiandaa kumliwaza.

Nilimkuta amekaa nje kwenye jua, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Pole na mambo niliyoyasikia."

"Marahaba, Karani. Pole ya nini? Kaa nikusimulie nilivyoshindwa."

Alisimulia kama mtu anayesimulia harusi. Ua wake wa minyaa ulikuwa umeingia kwa jirani. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda, naye miaka yote aliamini uko mahali pake. Jirani, kijana mwenye umri wa wanawe, alikuwa anamwogopa, alikaa na jambo lile muda mrefu kabla ya kwenda barazani. Aliyeongoza upatanishi alikuwa binti mmoja, mwalimu, ambaye aliwahi kuhudhuria mafunzo yetu ya shuleni.

"Aliniamkia kwa heshima zote," alisema Mwenyekiti. "Akanipa kiti kizuri. Halafu akatupeleka sote shambani, akaita wazee wanaojua mpaka wa zamani, akapima. Nikaanza kumweleza mimi ni nani, Karani, nakiri, nilianza kumweleza. Akaniambia, 'Bibi, tunakufahamu na tunakuheshimu. Lakini ua wako umezidi hatua nane.'"

Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hatua nane, mbele ya watu wote. Hakuniogopa hata kidogo. Sauti yake haikutetemeka."

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Alikuwa sahihi. Nikatia sahihi."

Aliniomba mkono, nikamwinua, tukatembea polepole mpaka mwisho wa shamba. Minyaa ilikuwa imeng'olewa, na mipya imepandwa hatua nane ndani, bado mifupi kama vidole. Ng'ambo yake jirani alikuwa ameinama na mkewe wanapanda kitunguu saumu katika ardhi waliyorudishiwa. Walipotuona wakainuka wakafuta mikono, wakamwamkia shikamoo. Mwenyekiti akaitikia, akawauliza habari za watoto, za ng'ombe, mvua imefika wapi. Kisha akasogea mpaka kwenye ua mpya, akainama kwa shida, akaokota konzi ya mbegu kwenye beseni lao, akaanza kuwapandia mstari wa mwisho kutokea upande wake.

"Karani," aliniambia bila kugeuka, "usisimame hapo. Shika mbegu."